Petroli ya Nini?

Jumamosi, 12 Januari 1974

Leo nimekuwa mtu mwenye gari. Naliandika hili kwa wino, si kwa penseli.

Gari lina magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma, na linakwenda kwa stima, umeme mtupu! Tone la petroli halijui. Mbele pana kiti kimoja cha dereva. Nyuma pana sanduku la mizigo lenye paa la bati. Lilikuwa la bibi mmoja Mwingereza wa Loresho aliyekuwa akiwapelekea majirani zake maziwa na maua. Amerudi kwao, na vitu vyake vyote vimeishia kwa Dedan, yule muuzaji wa vitu vikuukuu pale Westlands.

Dedan hakutaka pesa. Alisema kwa jinsi petroli inavyopanda siku hizi, mwenye gari la stima atawasalimia matajiri kwa mkono wa kushoto. Akaniuliza nina nini nyumbani. Nikafikiri. Nina cherehani.

Kwa kweli cherehani ni ya Selpher, mke wangu. Lakini imekaa chini ya dirisha miaka sita, na dirisha nalipia mimi. Selpher alikuwa Kangemi kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Niliipeleka kwa mkokoteni, nikarudi nikiendesha.

Hapa Dagoretti Corner foleni ya petroli ilikuwa imefika hadi kwenye duka la nyama. Ndani ya foleni alikuwemo Kihara, mwenye nyumba yetu, na pikapu yake ya viazi. Niliwapita polepole. Gari halina namna nyingine. Kisha nikasimama nikawatangazia wote kwamba mguu wangu hautakanyaga tena stesheni ya petroli maisha yangu yote, na atakayeniona hapo anivue suruali. Walicheka. Kihara alisema, "Tobias, hiyo kitu yako haina hata sauti. Itanikanyagia kuku." Wivu mtupu.

Selpher alirudi jioni. Akaangalia chini ya dirisha. Akaangalia nje uani. Akaanza kupika. Sikupenda namna alivyokuwa akikata sukuma wiki.

Jumapili, 13 Januari

Selpher amesema. Alianza kabla ya ibada akamaliza baada ya ibada.

Mambo ni haya. Mama yake, Mama Naliaka, anakuja Jumamosi kwa gari la moshi kutoka Webuye. Ni yeye aliyemnunulia Selpher cherehani ile siku ya harusi. Aliuza mtamba mzima. Aliisafirisha mwenyewe hadi Nairobi, kichwa chake amekipakata, akakataa kukiweka juu ya basi. Akija mjini, jambo la kwanza ni kuiona cherehani na kuipapasa. Analala kwa binamu yake Kangemi, kwa sababu mama mkwe halali kwa mkwe wake, wala haingii nyumbani mwake akiwa ndani. Kwa hiyo mimi nitatoka, yeye ataingia, na ataangalia chini ya dirisha.

Selpher amesema mama yake asipoikuta hapo, watarudi Webuye wote wawili, na mimi nitabaki hapa nikichemshiwa chai na gari langu. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mpango wangu ni rahisi. Gari litafanya kazi siku tano, nitaikomboa cherehani Ijumaa, na Jumamosi gari hilohilo litamleta mama kutoka stesheni. Selpher aliuliza gari la kiti kimoja litambebaje. Hapo ndipo uzuri wake! Kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawali meza moja, hawasemezani, hawakai karibu. Katika gari la Kihara wangebanana bega kwa bega. Katika langu, yeye yuko nyuma ndani ya sanduku, mimi niko mbele, katikati pana ukuta wa bati. Nani mwingine Nairobi nzima ana gari lenye adabu hivi?

Kanisani gari lilimfikia mchungaji kwa nyuma bila yeye kusikia. Ameumia kidogo tu. Ameniombea kwa sauti mbele ya watu wote, na sikufurahia maneno aliyochagua.

Jumatatu, 14 Januari

Jambo moja ambalo Dedan hakulieleza: gari hili hula. Lazima lichajiwe usiku kucha.

Chumba chetu kina stima ya taa tu. Jana jioni nikapanda juu ya meza, nikatoa balbu, nikachomeka waya wa gari pale pale. Fundi asingefanya vizuri zaidi. Ploti yote ikazima. Vyumba kumi na viwili! Ilikuwa saa moja, wakati wa taarifa ya habari, na Kihara ni mtu wa habari. Alikuja na tochi. Aliufuata waya kutoka dirishani kwangu hadi uani, hatua kwa hatua, akafika kwenye gari. Akauliza kama mimi ni mzima. Amenikataza kuchomeka kitu chochote kikubwa kuliko balbu.

Sasa nachaji kazini, mjini. Mimi ni karani wa stoo, na stoo ina dirisha linalotazama uchochoro. Msimamizi alijikwaa kwenye waya akiwa na chai mkononi. Nilimwambia ni waya wa simu. Alikubali, ingawa stoo haina simu.

Jumatano, 16 Januari

Jana nilipata kazi ya gari! Leo sina.

Mwenye duka la mboga Westlands alinipa matreya ya mayai nipeleke kwenye nyumba moja Loresho. Niliomba ruhusa kazini kwa sababu ya jino. Njia ilikuwa nzuri, miti mirefu, hewa safi. Nilijisikia kama mtu mwenye shamba.

Mbwa wa Loresho wamezoea kusikia gari likija. Hulisikia mbali, hujinyoosha, huondoka barabarani. Langu halikusikika. Mbwa mmoja alikuwa amelala getini, nikampita juu ya mkia. Alilia, na wenzake wakatoka. Hapo nikagundua kwamba gari langu likipewa moyo wote hukimbia sawasawa na mbwa. Si zaidi, si pungufu. Tulikwenda hivyo muda mrefu, mimi na wao, tukitazamana. Kwenye kona gurudumu moja la nyuma liliinuka. Mayai yalimwagika kama uji.

Nilikwenda kwa Dedan, nikamwambia kwa upole kwamba nimebadili mawazo, turudishiane. Alisema biashara ikishafungwa imefungwa. Cherehani iko kibarazani mwake, mtu yeyote anaiona kutoka barabarani. Inang'aa. Niligusa gurudumu lake kidogo. Dedan alisema kama sinunui nisiguse.

Nilipofika nyumbani Selpher aliuliza habari ya kazi. Nikasema iko njiani. Akaanza kukunja nguo zake na kuzipanga kitandani. Nilimwuliza anafanya nini. Alisema anakunja nguo. Sikula vizuri.

Alhamisi, 17 Januari

Gari limechoka. Asubuhi lilikataa kupanda hata kijiinuko cha getini. Wambua, fundi wa baiskeli hapa kando, alilifungua. Chini ya kiti pana betri sita. Alichungulia akasema zimekauka, zinahitaji maji ya betri. Nikauliza yanauzwa wapi. Akanyoosha kidole.

Stesheni ya petroli.

Nilikwenda hadi ng'ambo ya barabara. Kihara alikuwa amekaa pale kwenye tairi, anasoma gazeti. Aliniona. Alilishusha gazeti akaanza kuutazama mkanda wa suruali yangu. Nikajifanya nasubiri mtu.

Nilimwomba Selpher aende yeye. Alisema ana nguo za kukunja. Wambua alisema ana kazi. Niseme ukweli: ni neno langu lililonifunga, na neno la mwanamume ni neno.

Lakini Mungu hamtupi mtu wa Webuye. Jikoni pana munyu. Wasioujua: ni maji ya majivu ya maganda ya maharagwe, yanayochujwa tone kwa tone, na sisi hupikia mboga. Mboga ngumu kama turubai hulainika. Sasa fikiri. Maji ya betri ni makali, yanachoma ulimi. Munyu ni mkali, unachoma ulimi. Maji ya betri hutoka kiwandani kwa wageni. Munyu hutoka kwa mama zetu. Kwa nini hakuna aliyeliona hili kabla yangu?

Nilimimina chupa nzima, ikatosha betri nne. Lo! Zikachemka zenyewe, bila moto! Zikatoa povu jeupe, zikanguruma, zikatoa mvuke. Nguvu zile niliziona kwa macho. Wambua alirudi nyuma hatua kadhaa akashika kichwa. Nilimwambia ni mambo ya nyumbani, hawezi kuelewa.

Selpher anautafuta munyu wake. Nimemwambia labda ni panya.

Ijumaa, 18 Januari

Nimechaji mchana kutwa kazini. Nimelisafisha sanduku, nimetandika gunia na mto. Nimening'iniza shuka nyuma ili mama asionekane na watu ovyo. Halafu, kwa rangi nyekundu, nyuma ya gari, herufi kubwa: PETROLI YA NINI? Imekaa vizuri. Alama ya kuuliza imechuruzika kidogo.

Suala la cherehani bado halijakamilika. Nilimpendekezea Selpher amwambie mama kwamba imekwenda kutiwa mafuta. Alisema hajawahi kumdanganya mama yake na hataanza kwa ajili ya sanduku la maziwa. Nikamwuliza basi atasema nini. Alisema hatasema kitu, atamwacha mama aingie aone mwenyewe. Nguo zake zimo ndani ya sanduku lake la safari tayari. Amelifunga kamba.

Nimelala chali naangalia dari. Kwenye dari pana tundu la balbu. Hata hilo linanikumbusha gari.

Jumamosi, 19 Januari

Naandika yote, kwa wino.

Asubuhi jino liliniuma tena, msimamizi akatoa ruhusa. Tulishuka Ngong Road, mimi mbele, Selpher ndani ya sanduku, hadi stesheni ya reli. Gari halikusita hata mara moja. Njia yote ni mteremko, lakini sioni kama hilo linahusika.

Mama Naliaka alishuka na jogoo mmoja, kikapu, na chupa ya munyu. Nilisimama mbali, kama inavyopasa, nikaangalia viatu vyangu. Alimwuliza Selpher kama ule mkebe ndio gari. Selpher akanifikishia swali. Nikajibu kupitia Selpher kwamba ndilo. Mama akaingia nyuma ya shuka. Nilisikia anamwuliza Selpher kama cherehani ni nzima. Sikusikia jibu. Tukaondoka kuelekea Kangemi.

Mjini tulipendeza. Watu walisimama kututazama. Tukapita chini ya makumbusho, tukavuka mto, tukaanza kupanda kutoka Chiromo kwenda Westlands.

Hapo gari likapumua. Likapunguza mwendo. Mwanamke mwenye mzigo wa kuni mgongoni akatupita. Halafu likasimama kabisa, halafu likaanza kurudi nyuma.

Nilikanyaga breki, nikatoka, nikaweka jiwe. Sauti ya mama ilitoka nyuma ya shuka. Selpher akafikisha: mama anauliza kama tumefika. Nikasema bado. Mama anauliza mbona hatuendi. Nikasema gari linafikiri. Mama anauliza mbona pananuka munyu ulioharibika. Mama akashuka, akazunguka, akafunua kiti mwenyewe, mimi nimegeukia upande wa pili kwa heshima. Kisha akasema kitu kirefu sana. Selpher alinifikishia kwa neno moja tu: "Panya?"

Ilibidi kusukuma. Lakini mkwe na mama mkwe watasukumaje bega kwa bega? Haiwezekani. Mama akatandika leso yake juu ya kiti changu, akakaa, akashika usukani! Mimi na Selpher tukasukuma. Baada ya muda mfupi aliivumbua honi. Aliipenda. Kila mtu aliyepita Chiromo leo asubuhi alisikia honi, akageuka, akamwona mama amekaa wima kama jaji, nami nyuma yake uso kwa uso na PETROLI YA NINI.

Sikuhitaji kugeuka kujua ni pikapu ya nani iliyosimama. Kihara hupeleka viazi Westlands kila Jumamosi. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alivua kofia, akamsalimia mama vizuri, akamwambia, "Mama, wewe ni mgeni, kuja kaa mbele." Akafunga kamba. Mama na Selpher wakapanda kwake. Bega kwa bega! Na jogoo. Mimi nikabaki nimeshika usukani wa gari linalovutwa.

Westlands Kihara akakata kona, akaingia stesheni ya petroli.

Nilipiga kelele. Hakusikia, au alisikia. Tukasimama katikati ya foleni. Watu walisoma maandishi yangu kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alidhani ni wa kwanza. Nataka shajara hii ishuhudie kwamba mguu wangu haukukanyaga pale. Niliinua yote miwili nikaishikilia hewani hadi pikapu ilipojaa, ikanivuta hadi barabarani.

Ndipo Mama Naliaka akaangalia ng'ambo ya barabara. Ng'ambo ni kwa Dedan. Kibarazani kwa Dedan, juani, ilikuwa cherehani.

Aliijua kabla hajashuka. Alivuka barabara bila kuangalia magari, sisi nyuma yake. Akapiga magoti, akapitisha kidole chini ya meza yake, pale penye alama ya kisu aliyoiweka mwenyewe siku alipoinunua. Hakupiga kelele. Alikaa tu pale chini, mkono juu ya gurudumu, akamwita Selpher kwa jina lake la utotoni. Selpher akaanza kulia. Nilitaka sana kuwa mahali pengine. Nasema wazi, niliona aibu.

Dedan alitoka akaeleza kwamba biashara ikishafungwa imefungwa. Mama hakijui Kiswahili cha biashara. Aliinuka, akamtazama, akashika fundo la leso kiunoni mwake.

Dedan ni mtu wa Kiambu, lakini fundo hilo analijua. Kila mtu katika nchi hii analijua. Mwanamke mwenye umri wa mama yako akifungua nguo mbele yako kwa hasira, hiyo ni laana, na hakuna daktari wa kuiondoa. Na mimi, mkwe! Nikiona mimi, sina tena kabila. Nilikimbia. Nilikwenda nyuma ya duka la kinyozi nikakandamiza uso ukutani, macho nimefumba.

Kwa hiyo yaliyofuata nimeyapata kwa Kihara. Anasema fundo halikufunguka. Lililegea tu. Anasema Dedan aliibeba cherehani mwenyewe, mbio, akaipandisha juu ya viazi, akaongeza na sindano za akiba. Akakubali kulichukua gari tena. Mama akampa jogoo Kihara kwa wema wake. Jogoo aliyeletwa kwa ajili yangu!

Wakaondoka na cherehani. Mimi nilitembea kwa miguu kutoka Westlands hadi Dagoretti Corner. Sanduku la Selpher nililikuta bado limefungwa kamba.

Jumatatu, 21 Januari

Mambo yametulia. Selpher amefungua sanduku, nguo zimerudi kwenye misumari yake. Hasemi sana, lakini jana alinipakulia nyama. Mboga ilikuwa ngumu.

Mama ameniadhibu kwa kufuata mila: blanketi moja, zito, kwa aibu niliyomtia. Nitalitafuta. Kuhusu gari, ametuma ujumbe kupitia Selpher kwamba lilikuwa gari zuri, hasa honi. Anaondoka kesho.

Leo mjini nilikutana na Dedan. Anazunguka upande wa pili wa barabara akiniona, lakini nilimfuata. Amezing'oa betri, zimeoza, na fundi wake anakataa kuamini alichokikuta ndani. Bodi imebaki na magurudumu yake matatu, mazima kabisa, na hajui ataifanyia nini.

Jioni niliketi nje nikamwangalia Selpher kupitia dirisha. Alikuwa akimshonea mama yake gauni la safari. Nilitulia nikatazama kwa mara ya kwanza katika miaka sita. Anakanyaga chini kwa mguu, taratibu, na lile gurudumu la chuma linazunguka mbio sana, mara nyingi kwa kila kanyago. Haitaki petroli. Haitaki stima. Haitaki maji ya aina yoyote! Ni mguu, mkanda wa ngozi na gurudumu.

Mkanda ule ukirefushwa kidogo unafika kwenye ekseli ya gari.

Nilimwuliza Selpher kesho watamsindikiza mama stesheni saa ngapi. Alifurahi. Alisema ni mara ya kwanza wiki hii namwulizia mama yake. Kihara atawachukua saa nane, naye Selpher atarudi jioni.

Bisibisi ninayo. Kesho jino litaniuma tena.